Remmy Ongala, Mwana wa Kindu

Mtu akishika njia ya reli hapa Nyunzu kwenda Kabalo, kisha akapanda kaskazini kupitia Kongolo, mwishowe hufika Kindu. Huko ndiko alikozaliwa Remmy Ongala mwaka 1947. Baba yake alikuwa mwanamuziki, naye mtoto akaupata muziki nyumbani. Lakini alifiwa na wazazi angali kijana, na urithi uliombakia ndio huo.

Akazunguka na gitaa lake katika Kongo na Uganda. Mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam kwa mjomba wake, Mzee Makassy, akapiga katika bendi yake, Orchestra Makassy. Baadaye akaiongoza bendi ya Matimila. Mwaka 1989 sahani yake ilitolewa Uingereza, nayo ikapewa jina la nyimbo za mtu maskini. Jina hilo lilimfaa kweli, kwani Remmy aliimba habari za kifo, za umaskini na za ukimwi, mambo ambayo wengi waliona haya kuyataja. Siku za mwisho aliacha dansi, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Huko Sinza pana mahali paitwapo kwa Remmy.

Enyi wazazi, si sote tulio na shamba au fedha za kuwarithisha watoto. Lakini kila mmoja anayo kazi aijuayo. Mtoto akija kuketi karibu nawe unapoifanya, usimfukuze. Labda huo ndio urithi wake.