Harusi Mwambani: Waalikwa Nao Je?

Majuma machache yaliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani alinijia ofisini pamoja na mchumba wake. Wote wawili ni wakwea miamba, nao wameazimia kufunga ndoa katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Naivasha. "Mwalimu," akanena, "sisi tulijuana tukiwa tumefungwa kamba moja. Ukumbini tukatafute nini?"

Sikuwacheka. Vijana wana haki ya kuoana mahali penye maana kwao. Linalonitatiza ni kigezo cha kupachagua mahali penyewe. Neno mandhari limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Jicho likisharidhika, mandhari yamekamilika. Harusi, kwa upande wake, hudai mashahidi, na mashahidi wana magoti, umri na hofu zao.

Chaguo lao la kwanza lilikuwa korongo la Ol Njorowa. Kuta zake zapendeza mno. Hata hivyo, mvua ikinyesha mbali kwenye miinuko, maji huteremka humo kwa ghafla ingawa jua lingali likiwawakia wageni. Watu 7 waliangamia humo Aprili 2012, na wengine 7 Septemba 2019. Septemba si masika wala vuli. Kwa hivyo anayetegemea kalenda pekee anajidanganya.

Chaguo la pili lilikuwa kilele cha Fischer's Tower, nguzo ya mwamba wa volkano yenye kimo cha mita 25 hivi. Jina hilo ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huko mwaka wa 1883. Simulizi ya Wamaasai, hata hivyo, yasema kuwa jiwe hilo ni binti wa kiongozi ambaye, akipelekwa kwa mumewe, aligeuka kuwatazama wa kwao mara ya mwisho. Kumbe mwamba huo ulikuwa bibi harusi kabla haujaitwa mnara!

Nikawauliza: huko juu mtaapa mbele ya nani? Mkwea miamba hodari hapandi kabla mwenzake hajalikagua fundo lake. Basi mahali pa harusi napo pakaguliwe kwa niaba ya yule aliye dhaifu kuliko wote: kivuli kipo? Choo je? Gari la wagonjwa litafika? Tai wanaotaga kwenye majabali hayo watavistahimili vipaza sauti? Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 yawataka wanaooana kiserikali kumpa msajili, pamoja na msimamizi wa mahali hapo, ilani ya siku zisizopungua 21. Ni dhahiri kuwa mahali pana wenyewe.

Rai yangu ilikuwa hii: waape uwanjani, mnara ukionekana nyuma yao, wazee wakiwa wameketi vitini. Baadaye, wageni wakishakula na kutawanyika, maarusi wavae kofia zao ngumu wakwee watakavyo.

Kijana alinyamaza. Mchumba wake ndiye aliyejibu: "Nyanya ndiye aliyenilea, na miguu yake haimfikishi hata ghorofa ya kwanza. Asiponisikia nikiapa, nitakuwa nimeolewa mbele ya mawe."

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Wanaopanga harusi wakumbuke kwamba wapo jamaa wasioweza kuipanda ngazi yenyewe, nao ndio waliotulea.