Nani Amemzoea Mwenzake?

Yapo malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika nyumba za Lavington, Kileleshwa na Westlands: ya kwamba mtumishi "amezoea." Waingereza humwita mtu wa namna hiyo "familiar," nasi twamkemea, "Usinizoee!" Nadai kwamba shutuma hii, kama itumiwavyo Nairobi, humwangukia asiye na kosa.

Tuanze na neno la Waingereza. Asili yake ni Kilatini, na "familia" ya Warumi ilikuwa watu wote wa nyumba moja, watumwa wakiwamo. Basi neno hilo la ukaribu lilikaa jirani na utumwa tangu zamani.

Sasa tutazame historia yetu. Wakati wa ukoloni mitaa hiyo ya magharibi ilikuwa makao ya Wazungu, na mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi humo alilazimika kuchukua kipande, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915. Hata akiwa na mvi na wajukuu, aliitwa "boi." Je, kumwita mzee wa watu mtoto, bila idhini yake, si mazoea yaliyopita kiasi? Lakini mwenye kumwita hivyo hakulaumiwa, aliyelaumiwa ni yule aliyejibu bila kutamka "bwana."

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Katikati ya mji, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Barabara zilipewa majina mapya, lakini watumishi hawakupewa. Hata leo wafanyakazi hutoka Kangemi na Kawangware alfajiri, wengi kwa miguu, kwenda katika nyumba hizo. Mama mwenye watoto wazima huitwa "msichana wa kazi," na mtunza bustani aliyezeeka huitwa "kijana." Mtoto wa miaka saba humwita kwa jina tupu, na wazazi hucheka. Siku mzee huyo atakapouliza habari za mgeni wa jana, ataambiwa amezoea.

Huenda msomaji akajibu kwamba mazoea yana taabu, na kwamba kazi yataka mpaka. Ni kweli, lakini mpaka una pande mbili. Anayelea mwanao na kutandika kitanda chako hawezi kuwa mgeni kwako; wewe mwenyewe ndiwe uliyemwingiza hadi chumbani. Heshima si utumwa, walisema wahenga, wala hawakuwaambia watumishi peke yao. Kabla ya kunena "Usinizoee," mwenye nyumba na ajiulize kwanza yeye humwitaje aliyeko jikoni.