Mabao ambayo hayakuandikwa

Mwaka 2024 ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliingiza katika rekodi zake takwimu za ligi za Weusi, zilizochezwa wakati Weusi walipozuiliwa kucheza pamoja na Wazungu. Satchel Paige, mrusha mpira mashuhuri, alifunguliwa mlango mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Ujana wake ulikuwa umeshapita, lakini leo angalau unahesabiwa.

Sisi Wakongo tunaye Léon Mokuna. Enzi za Wabelgiji, Léopoldville ilikuwa na mashindano ya Wazungu na mengine ya Weusi. Mokuna aling'aa Victoria Club, akaenda Sporting ya Lisbon mwaka 1954, kisha La Gantoise ya Gent mwaka 1957. Alifariki mwaka 2020. Miaka yake ya Ulaya ina tarehe na mabao. Ile ya nyumbani tunaikumbuka zaidi kwa jina la utani: Trouet, kutokana na kitenzi cha Kifaransa cha kutoboa. Yasemekana shuti lake lilitoboa wavu.

Wenzangu watasema hizo ni hadithi za wazee, na wazee hutia chumvi. Ni kweli. Lakini kwa mwanaisimu jina la utani ni ushahidi: linaonyesha watazamaji walisifu nini, na kwa lugha gani. Besiboli ya Weusi ilikuwa na magazeti ya Weusi, na humo watafiti waliokota takwimu zao. Kwetu bondeni Ruzizi, gazeti lilikuwa mdomo.

Babu yangu, hapa Kiringye, aliwahi kunitajia golikipa wa ujana wake, kwa jina la utani tu. Nilicheka, sikuandika. Baada ya kusoma somo la majina nilirudi na daftari, nikakuta babu ameshazikwa. Jina lile silikumbuki tena.

Tunapokwenda vijijini kukusanya methali na majina ya koo, naomba kila daftari lipate ukurasa mmoja wa mpira: jina la mchezaji, jina la utani, nani alimpa na kwa nini. Tusiwaachie watu wa michezo peke yao. Majina ni kazi yetu, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka.

Likizo hii nitaanzia Sange na Luberizi. Nani atachukua Kiliba?