Mgeni ni Nani Trans Nzoia? Hoja kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Darasani tumezoea kuifafanua methali hii kama sifa ya ukarimu, kisha tukapita. Lakini katika kaunti ya Trans Nzoia, ambako mwandishi wa makala haya alizaliwa na kulelewa, swali la nani mgeni na nani mwenyeji limewahi kuamua nani atalala nyumbani kwake na nani atalala mbugani. Mapema mwaka 2008 uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale, mahali ambapo wakulima huenda kujionea mbegu na mifugo bora, ulijaa wakimbizi wa ndani. Nadai hapa kuwa swali hilo haliwezi kujibiwa bila historia ya watu wa kaunti hiyo, na kuwa sehemu kubwa ya historia yenyewe imo katika Kiswahili ambacho sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekidharau.

Tuanze na takwimu. Sensa ya 1969 ilihesabu takriban watu 124,000 katika wilaya ya Trans Nzoia. Kufikia 1999 walikuwa 575,662. Sensa ya 2009 ilipata 818,757, na ile ya 2019 ikapata 990,341. Yaani katika muda wa miaka hamsini idadi iliongezeka takribani mara nane, ilhali idadi ya Wakenya wote, iliyotoka karibu milioni 11 hadi milioni 47.6, iliongezeka zaidi kidogo ya mara nne. Uzazi pekee hauwezi kueleza tofauti hiyo. Ni bayana kuwa watu walihamia. Mwaka 2019 eneo hilo la kilomita mraba 2,495 hivi lilikuwa na wastani wa watu wapatao 397 katika kila kilomita mraba, na wengi wao huishi kwa jembe.

Walihamia wapi, na walimkuta nani? Nyanda zilizo baina ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani hazikuwa tupu. Wasengwer, ambao walowezi waliwaita Wacherangany, waliwinda, walirina asali na kufuga huko. Wasabaoti walichunga mifugo chini ya Mlima Elgon, nao Wapokoti walikuwa upande wa kaskazini. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1915 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999, na mwaka 1919 mashamba ya Trans Nzoia yakawa miongoni mwa yale waliyogawiwa wanajeshi wa Uingereza waliotoka vitani. Wenyeji walisukumwa milimani na katika maeneo ya hifadhi. Yeyote anayezungumzia umoja wa kaunti hii bila kulitaja jambo hilo anajenga nyumba juu ya mchanga. Wasengwer na Wasabaoti wana dai, na dai lao lina haki ya kusikilizwa.

Hata hivyo, mashamba yale hayakulimwa na walowezi kwa mikono yao. Yalilimwa na Wabukusu, Waturkana, Wateso, Wanandi na wengine wengi waliokuja kama vibarua na maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kipande cha ardhi na kufuga. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yalipata njia ya kwenda sokoni, na haja ya vibarua ikazidi. Baada ya uhuru walikuja wengine, wakiwemo Wakikuyu na Wakisii, walionunua hisa katika vyama vya ushirika na kampuni za ardhi ili kugawana mashamba ambayo walowezi waliyauza. Wapo waliouza ng'ombe wao wa mwisho ili wapate ekari mbili.

Sasa tujiulize: watu hawa walizungumza lugha gani wakiwa kazini? Mlowezi alikuwa na Kiswahili chake cha kuamrisha, ambacho wanaisimu hukiita Kisetla. Kilikuwa lugha isiyo na upatanisho wa kisarufi, yenye vitenzi vya amri na matusi. Nyapara aliitafsiri amri. Lakini jioni, mlowezi alipokwisha kurudi nyumbani kwake, Mteso na Mbukusu walilazimika kuongea kuhusu mtoto mgonjwa, chumvi ya kuazima na ng'ombe aliyepotea. Kwa ajili hiyo walikitwaa Kiswahili kile kile, wakakikarabati, wakakifanya lugha ya jirani. Babu yangu hakusoma hata darasa moja, na hakujua ngeli ni nini. Lakini aliposimulia habari za shamba alilofanyia kazi, alisimulia kwa Kiswahili hicho, kwa sababu marafiki zake waliokuwa naye hawakujua lugha yake ya mama naye hakujua yao.

Msamiati wa enzi hiyo ni kumbukumbu tosha. Neno kipande, kwa mfano, kwetu ni sehemu ya kitu kizima. Kwa kibarua wa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza lilikuwa cheti alichotundika shingoni ndani ya kikasha cha chuma, na kukosa kuwa nacho lilikuwa kosa la jinai. Neno kifagio kwetu ni chombo cha kufagilia. Kwa maskwota wa Bonde la Ufa wa mwishoni mwa miaka ya 1920 lilikuwa jina la operesheni ya kuwaondolea mifugo yao. Ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuyasoma maneno haya kwa maana hizo katika kozi ya semantiki?

La kusikitisha ni kuwa lugha hii iliyowaunganisha watu imetumiwa pia kuwatenganisha. Katika ghasia za kikabila za 1991 na 1992 zilizoikumba Bonde la Ufa, Trans Nzoia ikiwemo, na baadaye katika zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hatukusikia maneno ya kigeni. Tulisikia neno la Kiswahili sanifu kabisa: madoadoa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Mtu aliyezaliwa Kiminini, ambaye baba yake alizaliwa Kiminini, aligeuzwa doa la kufutwa. Ikiwa mtaalamu wa Kiswahili hana la kusema hapa, basi utaalamu wake ni wa nini?

Najua baadhi ya wanachama wenzangu watapinga. Watasema kazi hii ni ya Idara ya Historia. Nakubali kuwa nyaraka za serikali ni za mwanahistoria. Lakini nyaraka hizo ziliandikwa na mkoloni kwa Kiingereza, nazo humtaja kibarua kama idadi tu. Sauti ya kibarua mwenyewe imehifadhiwa katika masimulizi, na fasihi simulizi ni uwanja wetu. Wengine watasema kuwa masimulizi hayo yakusanywe kwa lugha za mama. Naam, na yakusanywe. Ila yakikusanywa kwa lugha hizo pekee, kila jamii itabaki na historia yake ambayo jirani hawezi kuisoma wala kuisahihisha. Historia iliyoandikwa kwa Kiswahili itasomwa na Msabaoti pamoja na Mkikuyu, na wote wawili watakuwa na uwezo wa kuuliza: mbona hapa hukusema kweli?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi atokaye katika kaunti zilizokuwa za walowezi apewe nafasi, katika kozi ya utafiti wa nyanjani, ya kurekodi masimulizi ya wazee waliofanya kazi katika mashamba hayo, na nakala zihifadhiwe idarani. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini wakati wa uhuru amevuka themanini sasa, wala hatungojei. Pili, majina ya mahali yakusanywe pamoja na visa vyake, yale ya Wasengwer na Wasabaoti yaliyofutwa ramanini yakiwa ya kwanza. Tatu, Kiswahili cha mashambani kiondolewe katika kapu la makosa ya wanafunzi, kichunguzwe kama lahaja yoyote nyingine yenye historia.

Nimalizie kwa mahindi, maana ndiyo yaliyoleta wengi wetu. Mwaka 1964 wakulima walipewa mbegu chotara iitwayo H611, iliyotokana na utafiti uliofanyiwa Kitale. Mzazi wake mmoja alikuwa mbegu iliyostawishwa papo hapo Kitale. Wa pili aliletwa kutoka Ekuado, huko Amerika Kusini. Mazao yaliongezeka kiasi cha kuifanya Trans Nzoia ghala la taifa. Sijapata kumsikia mkulima yeyote, wa kabila lolote, akiuliza ni nusu ipi ya gunia lake iliyo ya mgeni.

Watu si mahindi, na ardhi iliyonyang'anywa haisahauliki kwa mfano mzuri. Lakini methali yetu haikusema mgeni njoo, mwenyeji aondoke. Wala haikusema mgeni njoo, kisha ukae mgeni milele. Ilisema mwenyeji apone. Kupona huko hakujatimia kwa Msengwer aliyepoteza nyanda zake wala kwa aliyechomewa nyumba kwa kuitwa doa. Wote wawili wana kisa, na wanaweza kukisimulia kwa lugha moja. Kilichobaki ni mtu wa kuwasikiliza na kuandika.