Mjomba hakurogwa

Nilikuwa Moshi kwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ametulia tu. Kisha hatua zikafupika, na ule mwandiko wake wa ubaoni tuliokuwa tukiuonea wivu ukawa mdogo kama sisimizi. Uso ukakakamaa, hacheki hata ukimtania.

Kijijini kesi ilishahukumiwa: karogwa, na aliyetajwa ni shemeji yake mjane. Na mimi, mwandishi wa habari mwenye digrii, nikawa namshauri apunguze mbege. Mzee wa watu hanywi!

Miaka mitatu ikapita hivyo hadi daktari mmoja aliposema ni ugonjwa wa Parkinson. Siyo kiharusi, kinachompiga mtu mara moja. Huu unatafuna polepole: chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa kidogo kidogo. Mtetemeko unapoonekana, nyingi zimeshakwenda.

Jamani, mjomba hayuko peke yake. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, jirani tu na hapo, na matokeo yakachapishwa 2008. Katika watu wapatao 161,000 walikuta wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Nashangaa ni mashemeji wangapi walisingiziwa.

Dawa ipo, levodopa, tangu miaka ya 1960. Haiponyi wala haizuii ugonjwa kuendelea, lakini inarudisha mwendo. (Upupu, ule ule unaotuwasha, mbegu zake zina levodopa. Msikimbilie kutafuna, kipimo chake hakitabiriki!) Wiki chache tu mjomba akafunga vifungo vya shati mwenyewe. Tatizo ni kwamba tunainunua mjini, na ikikosekana mzee anaganda kitini.

Mimi nasema dawa hii ifike hospitali zote za wilaya, na waganga wafundishwe kuutambua ugonjwa. Na sisi wa magazetini tuache kuukumbuka Aprili 11 tu, siku yake duniani, kwa aya mbili pembeni mwa tangazo.

Shemeji bado hakanyagi pale nyumbani. Jumapili mjomba anataka kumfuata kwa miguu akamwombe radhi. Ameshapiga hesabu ya kidonge: akimeze saa moja kamili, atoke saa mbili.