Mwenzako akisema tulale, zima pikipiki

Kila likizo zinapokaribia, utawaona wakazi wa Nairobi na miji mingine wakifunga mizigo nyuma ya pikipiki zao, wawili wawili au kikundi, tayari kwenda kuuzunguka Mlima Kenya. Simzungumzii mwendeshaji wa bodaboda anayetafuta riziki. Huyo ana yake na nitamwandikia siku nyingine. Nakuzungumzia wewe msomaji, mfanyakazi wa ofisini, mwenye pikipiki ya kujifurahisha, rafiki mwenye pikipiki kama hiyo, na siku tatu nne za mapumziko.

Safari hiyo ni nzuri. Mimi na rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, tumeifanya kwa siku nne, kila mtu na pikipiki yake, tukianzia hapa Mitunguu ninakofanyia kazi ya udaktari. Nakusihi uende. Ila kuna jambo moja ambalo sharti mkubaliane kabla ya kuwasha injini, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko aina ya pikipiki, matairi na hata hali ya barabara. Mmoja wenu akisema "tulale hapa", mnalala hapo, bila mjadala.

Huenda ukaona hilo ni jambo dogo. Basi tazama ramani. Ukitoka Mitunguu unapanda hadi Nkubu na Meru mjini, unapita Timau hadi Nanyuki, unateremka kupitia Naro Moru na Karatina, unakata Kutus hadi Embu, kisha unarudi kwa njia ya Runyenjes, Chuka na bonde la mto Nithi. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 300. Mtu wa mjini akiona hivyo husema, "Kumbe ni safari ya siku moja!" Kwa gari, naam. Lakini mwenye gari ameketi ndani ya chumba. Wewe umeketi kwenye upepo.

Hapa Mitunguu ni nchi ya joto na migomba. Asubuhi unatoka na shati jepesi, jasho likikutiririka chini ya helmeti. Baada ya saa mbili hivi uko Timau kwenye mashamba ya ngano, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo wa mwendo wa pikipiki huuzidisha ubaridi huo. Mwili hufanya nini? Huiondoa damu vidoleni na kuipeleka ndani, ili kuulinda moyo na viungo vingine vya maana. Nawe vidole hivyo hivyo ndivyo unavyotegemea kushika breki. Mtu aliyeganda vidole huchelewa kushika breki, na akishika hashiki sawasawa. Ndiyo maana nasema koti zito na glavu zivaliwe Meru mjini, kabla ya baridi, wala si baada ya meno kuanza kugongana.

Tena upepo huo hukausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo hujui umepoteza maji kiasi gani. Wengi hufika Nanyuki wakilalamika kichwa, wakidhani wamepatwa na ugonjwa wa mlima. Ugonjwa huo aghalabu huanza juu ya mita 2,500, na huwapata zaidi wale wanaopanda upesi na kulala huko juu. Kichwa cha barabarani kwa kawaida ni kiu. Utazame mkojo wako. Ukiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, kunywa maji na upumzike kabla ya kuendelea.

Siku ya kwanza haya yote hayakuangushi, kwa sababu una hamu ya safari. Joto, baridi, mtetemo wa injini mikononi, kelele masikioni na macho yanayotafuta shimo kila dakika, vyote huandikwa tu kama deni la dukani. Unadaiwa siku ya pili jioni au siku ya tatu.

Nalo deni lenyewe hulipwa kwa usingizi wa ghafla, ule wa sekunde mbili au tatu ambao mwenyewe hana habari nao. Fanya hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hupita mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde tatu umepita mita 66 bila dereva. Katika barabara iliyonyooka huenda ukabahatika. Kati ya Embu na Nkubu barabara inateremka mtoni na kupanda tena, inateremka na kupanda tena, na kila mteremko una kona yake.

Mwaka 1997, watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao. Waliwapima watu waliokesha na watu walionyweshwa pombe kwa zoezi lilelile la macho na mikono. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ndicho kikomo cha dereva. Sasa jihesabu mwenyewe. Aliyeamka saa kumi alfajiri ili aukimbie msongamano wa Thika Road, ikifika saa tatu usiku ameshatimiza saa hizo 17, hata kama hajaonja tone la pombe.

Ubaya wa uchovu ni kwamba unaanza kwa kuula ubongo uleule ambao ungekuambia kwamba umechoka. Mlevi hujiona mzima. Mchovu vivyo hivyo. Usiniambie basi kwamba "nitajijua". Hutajijua. Anayekujua ni yule aliye nyuma yako, kwa sababu anaona kichwa chako kikiinama, anaona kona zako zikipanuka, taa yako ya breki ikiwaka kwa kuchelewa, na mkisimama anasikia unauliza swali ambalo limeshajibiwa. Hii ndiyo faida kubwa ya kusafiri na rafiki, kuliko hata kuwa na wa kupiga naye picha. Badilishaneni nafasi, mmoja atangulie hadi mji mmoja, mwingine hadi mwingine, ili kila mtu apate kutazamwa.

Kinachotuharibia ni haya. Sisi wanaume hasa, tunaona aibu kuwa wa kwanza kusema tumechoka. Na yule anayeambiwa amechoka huona ametukanwa. Ndiyo sababu nasema mapatano yafanywe nyumbani, kabla mtu hajachoka, na yasiwe na nafasi ya kubishana. Anayesema "tulale" hahitaji kutoa sababu.

Tulipanga kurudi Mitunguu siku ya tatu. Tukafika Chuka ikikaribia saa kumi na mbili jioni, nyumbani ikiwa imebaki kama saa moja na nusu. Mimi nilijiona mzima kabisa. Mwalimu akavua helmeti, akanitazama, akasema, "Daktari, tulale hapa. Nimekuuliza habari ya petroli mara mbili, na mara zote mbili umenijibu habari ya chai." Nikacheka, tukatafuta chumba. Hivyo ndivyo safari ya siku tatu ilivyokuwa ya siku nne.

Hebu fikiri kilichokuwa mbele yetu. Sisi tulio karibu na ikweta, jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kutoka Chuka kwenda Meru unakutana na daraja la Nithi, ambalo kila msafiri wa njia hii analijua kwa jina. Julai 2022 basi lililokuwa likitoka upande wa Meru lilitumbukia bondeni hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi basi lile liliangushwa na uchovu. Nasema bonde hilo halifai kupitwa usiku na mtu anayejibu habari ya chai akiulizwa petroli.

Kijana mmoja wa steji alitusikia, akatuonea huruma. "Wazee, chukueni hii iwafikishe," akasema, huku akitutolea kifurushi cha miraa. Hapa Wameru wenzangu wasinikasirikie. Najua karo ngapi zimelipwa na miti ile ya Nyambene, na muguka wa Mbeere vilevile. Najua pia kwamba wazee wa zamani waliitafuna wakiwa wameketi, na aliyeketi haanguki. Tatizo langu ni moja tu, nalo ni miraa kutumiwa badala ya kitanda.

Ndani ya miraa mbichi mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo nguvu zake hupungua siku mbili tatu baada ya kuchumwa. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba isinyauke, na ndiyo maana pikapu zake hukimbia jinsi zinavyokimbia. Kemikali hiyo huuchapa ubongo kama mchapaji wa punda. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, njaa hupotea, kinywa hukauka. Macho hufunguka, ni kweli. Lakini usingizi unaodaiwa haujalipwa hata senti moja, na ujasiri umeongezeka pale ambapo busara haijaongezeka. Kisha handasi inaisha, kwa kawaida saa za usiku wa manane, na uchovu wote unarudi kwa pamoja.

Nimewapokea hapa watu wa namna hiyo. Mmoja aliletwa alfajiri, kijana aliyekuwa ameendesha pikipiki usiku kucha. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili na mashavu yalikuwa bado yamejaa majani. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa "sawa kabisa". Rafiki yake, aliyekuwa mbele, alisafiri kilomita kadhaa ndipo akagundua hakuna taa nyuma yake.

Kama usingizi unakujia mchana na mji uko mbali, simama mahali salama, kunywa kikombe cha kahawa ya milima hii hii, ulale dakika 15 hadi 20. Hiyo husaidia kwa muda mfupi, ikufikishe penye kitanda. Haitoshi kuanzia safari ya usiku.

Kuhusu helmeti sitasema mengi, kwani sheria yetu ya mwaka 2012 inamtaka mwendeshaji na abiria wake kuivaa, pamoja na koti la kung'aa. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ni ile iliyofungwa kidevuni. Niliyoyaona Karatina, helmeti nzuri ya bei ghali ikining'inia kiwikoni, inalinda kiwiko. Na mwenzako akianguka, usimvue helmeti kwa pupa wala usimpakate kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali. Shingo yake huenda imevunjika. Kama anapumua, mwache alivyo, zuia magari, mfunike apate joto, uitishe gari ambalo anaweza kulazwa chali. Katika mzunguko huu hospitali si chache: Meru, Nanyuki, Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Chogoria, Nkubu. Ziandike zote kwenye karatasi kabla ya kutoka.

Na kwa kuwa nimekuhimiza sana ulale, nikuambie na pa kulala. Nanyuki na Timau omba blanketi la pili. Ukiteremka huku kwetu Mitunguu, au ukipita njia ya chini ya Ishiara na Chiakariga, omba chandarua, na ukague kama kina tundu. Wewe wa Nairobi huna kinga ya malaria aliyo nayo mkazi wa Tharaka. Homa ikikujia siku 10 au 15 baada ya kurudi mjini, usiiite mafua ya safari. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulilala wapi.