Mnarani Si Mawe Matupu

Msimu wa wageni ukiingia, magari ya kukodi hutoka alfajiri kwenye mahoteli ya Mombasa, Watamu na Malindi, kila gari na wageni wake wawili watatu, dereva na mwongozi. Watu hao hupelekwa Mnarani, wakaonyeshwa magofu na mibuyu, hupitishwa msitu wa Arabuko-Sokoke, huingizwa Gede, kisha humalizia siku yao mjini Malindi, na magharibi wakarudishwa walikotoka. Kwa siku moja tu mgeni ameona mwitu, bahari, msikiti wa kale na mji ulio hai. Sasa na tuulizane sisi kwa sisi: wenyeji wangapi wa mwambao huu, waliozaliwa na kukulia hapa, wamepata kuifanya safari hiyo hata mara moja katika umri wao?

Jawabu twalijua sote, nalo si la kujivunia. Wengi wetu huipita njia hiyo tukienda harusini, matangani au kwenye shughuli za riziki. Mawe ya Mnarani tumewaachia wageni, na kazi ya kueleza mawe hayo tumemwachia yeyote aliyejitokeza. Rai yetu leo ni kwamba jambo hili lina hasara kubwa kuliko tunavyodhani. Anayeshika maelezo ya safari ndiye anayeamua mji ulikuwa wa nani, na mwenye mji akinyamaza, asishangae kusikia mji wake umepewa mtu mwingine.

Zamani msafiri hakuwa na budi kusimama Mnarani. Mtu atokaye Mombasa akenda Malindi alifika ukingo wa kusini wa hori ya Kilifi, akangoja feri, na katika kungoja huko alinunua korosho, akazungumza na watu, akatazama huku na huku. Mwaka 1991 daraja la Kilifi lilifunguliwa. Hakuna anayelilaumu daraja, kwani limewapunguzia watu taabu kubwa, na mgonjwa wa usiku hangojeshwi tena na maji. Lakini tangu siku hiyo Mnarani imekuwa mahali pa kupitwa mbio. Abiria wa basi hugeuza shingo mara moja kuyatazama maji yale mazuri chini ya daraja, na kabla hajamaliza kusema Mashallah, yuko ng'ambo ya pili.

Na hapo anapopita pana mambo. Juu ya jabali linalotazama hori, palikuwa na mji wa Waislamu kuanzia karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 17, mji uliokuwa na wenziwe, Kioni na Kitoka, katika nchi hii ya Kilifi. Uko msikiti mkubwa wa Ijumaa, uliojengwa mahali palipokuwa na msikiti uliotangulia. Uko msikiti mdogo. Yako makaburi, na kaburi moja lenye nguzo ndefu. Kiko na kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya jabali. Msikiti ule mkubwa wajulikana kwa wingi wa maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe ya mihrabu na milango yake. Mtalii huyapiga picha maandishi hayo kama mapambo. Mtoto wetu wa madrasa, aliyekwisha maliza juzuu zake, aweza kusimama mbele ya mihrabu hiyo akajaribu kuifuata herufi moja baada ya nyingine, ijapokuwa mchongo wenyewe ni wa mapambo na wataka subira. Ni nani basi aliye na haki zaidi ya kupelekwa pale?

Wenye kuuza safari hizi hupenda kusema kwamba mgeni ataona maumbile asubuhi na mji alasiri, kana kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mwongozi mwenye maarifa atamwonyesha kuwa ni jambo moja. Mawe ya Mnarani ni matumbawe. Yale ya kuchongwa nakshi yalitolewa baharini yangali laini, yakachongwa mapema kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni za msituni. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba. Ndiyo sababu nyumba za kale za pwani zina vyumba virefu vilivyo vyembamba. Mji ule, kwa hivyo, ulitoka baharini na mwituni. Anayekata mikoko yote na kuvunja miamba ya bahari hii leo anauharibu mji vilevile, ingawa hajagusa ukuta hata mmoja.

Ukivuka daraja na kushika njia ya kaskazini, msitu wa Arabuko-Sokoke utakuwa mkono wako wa kushoto. Una ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia katika jamii ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo mna bundi mdogo wa Sokoke, asiyejulikana kwingine ila mahali pachache, pamoja na misitu ya Usambara nchini Tanzania. Mna sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye karibu jamii yake yote imebaki katika msitu huu. Mkono wa kulia kuna hori ya Mida na mikoko yake, ambako ndege watokao nchi za baridi huja kulisha maji yanapokupwa.

Msitu huu una funzo. Mwaka 1993 ulianzishwa pale Gede mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima wa vijiji vya kando ya msitu hufuga viwavi, na mabuu yao yakauzwa kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo. Mkulima aliyekuwa akiuona msitu kama adui wa shamba lake amepata sababu ya kuutaka usimame. Hivyo ndivyo mambo yaendavyo: mwenyeji akipata fungu lake, hulinda. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akae kando ya njia atazame vumbi la gari.

Ndipo tufike Gede. Mji huu, wenye ekari 45 hivi ndani ya ukuta wake wa nje, ulifukuliwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1958 na James Kirkman, ndiye huyo aliyeifukua na Mnarani pia. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuandika Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa. Lakini kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 juu ya msikiti mkuu wa Gede aliupa mji huo jina la mji wa Waarabu, na fikira hiyo haikuwa yake peke yake. Waandishi wengi wa enzi ya ukoloni hawakuweza kuamini kwamba mtu wa Afrika alijenga nyumba ya mawe, akaweka choo na birika, akala katika sahani za China. Wako waongozi ambao hadi leo huwakaririra wageni maneno hayohayo, na wengine, wakiishiwa, huongeza hadithi za majini.

Elimu haikusimama pale. Kuanzia mwaka 1980 wachimbuzi walifanya kazi Shanga, kisiwani Pate, wakakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine iliyoutangulia, ya kale zaidi ikiwa midogo, ya miti, iliyoanzia mwishoni mwa karne ya 8. Maana yake ni kwamba Uislamu uliota hapa kidogokidogo, ndani ya vijiji vya watu wa hapa, nao ndio walioukuza mpaka ukawa wa mawe. Mwaka 2023 wataalamu wa nasaba walitangaza matokeo ya kupima mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, pamoja na ya Mtwapa na Manda, wakaona mama wengi wa asili ya Afrika na, kutoka karibu mwaka 1000, baba wengi wa asili ya Uajemi. Wazee wetu waliokuwa wakisimulia habari za Washirazi hawakuwa wakiota ndoto. Wala wale waliosema kwamba Mswahili ni mtu wa hapahapa hawakuwa waongo. Ukweli umewabeba wote wawili. Huo ndio unaopasa kusemwa mbele ya mgeni, na kwanza kabisa mbele ya watoto wetu.

Malindi nayo ina kasoro ya namna yake. Jambo la kwanza ambalo mgeni huharakishwa kulitazama ni nguzo ya Vasco da Gama iliyoko juu ya mwamba. Historia ni historia, na nguzo ibaki. Lakini Mreno huyo alifika Aprili 1498, akakaa siku tisa hivi, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, akaenda zake. Karibu na bahari, kando ya msikiti wa Ijumaa, yamesimama makaburi ya nguzo ya watu walioishi na kufa Malindi kabla jina la Mreno halijasikika. Mji huo ulikuwa umekwisha peleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415, zaidi ya miaka 80 kabla ya Da Gama. Si haki mgeni wa siku tisa apewe nusu saa na mwenye nyumba apewe dakika tano.

Liko jambo jingine ambalo yafaa tuliseme bila ya ukali. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyo ya wengi wetu pwani, msikiti uliokwisha wekwa wakfu hauachi kuwa msikiti kwa sababu dari yake imeanguka. Misikiti ya Mnarani na Gede ina hukumu hiyo. Mtu kuingia ndani yake na nguo za kuogelea, kuvuta sigara mbele ya mihrabu au kupanda juu ya kaburi ili apigwe picha, ni kukosa adabu. Wengi wa wageni hufanya hivyo kwa kutojua tu, na wakielezwa kwa upole hutii, maana hata kwao hawaingii kanisani hivyo. Wa kuwaeleza ni mwongozi. Kanga au kikoi vikiwekwa mlangoni, na neno moja la heshima likasemwa kabla ya kuingia, aibu hiyo itaondoka bila ya ugomvi na mtu.

Lakini tutadai heshima gani mahali ambapo sisi wenyewe hatukanyagi? Safari hii haihitaji utajiri. Kutoka Mnarani hadi Malindi ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Familia tatu zikichangiana, au chama cha kina mama kikitenga fungu la mwezi, matatu moja itakodiwa kwa siku nzima. Penye magofu yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, mwananchi hutozwa ada iliyo ndogo kuliko ya mgeni. Mahamri na mbaazi hubebwa kutoka nyumbani. Mkianza Mnarani mapema jua halijawa kali, adhuhuri itawakuta upande wa Gede na Watamu, na alasiri mtaswali Malindi. Hakuna hoteli yenye kuwapangia siku nzuri kuliko hiyo.

Walimu wa madrasa twawaomba walifikirie jambo hili kwa namna ya pekee. Watoto hufundishwa sira na habari za Makka na Madina, na ndivyo ipasavyo. Basi waongezewe siku moja ya kuona kwamba dini hiyo ilikuwa na mihrabu ya mawe juu ya hori ya Kilifi zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Mtoto aliyeigusa mihrabu hiyo kwa mkono wake hatadanganywa kirahisi kwamba wazee wake hawakuwa na mji.

Na vijana wanaotafuta kazi ya kuongoza watalii nao wasidhani kwamba lugha ya kigeni na tabasamu vyatosha. Wajifunze habari za Mnarani, Gede na msitu kama baharia anavyojifunza nyota. Wawaulize wazee, wasome waliyoandika wachimbuzi, wachukue leseni, kisha waseme yaliyo kweli. Wenye makampuni ya safari nao wawaajiri vijana wa vijiji hivi kwa ujira unaostahiki, kwani wanachokiuza ni jasho la babu zao.

Mwacha asili ni mtumwa. Sisi hatujaiacha bado, ila tumeipita kwa kasi ya gari juu ya daraja. Likizo ya shule ikifika, au siku za Idi ambapo watu hutafuta pa kuwapeleka watoto, mzee wa nyumba na amwambie dereva asimamishe gari upande huu wa maji. Njia ya kwenda kwenye magofu ni fupi, na mlango uko wazi.